Jiwe la kilobaiti 38: nilivyopima seva ya soko letu la dagaa hapa Kigoma

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza ya giza, simu yangu iliita nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

Wakuu, salaam kwenu. Jukwaa hili nalisoma miaka mingi, kuandika ni nadra. Leo naleta jambo lililonipata mwenyewe, na nitalisimulia kama lilivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea. Majina ya watu nimebadilisha kwa heshima yao. Namba sijagusa.

Aliyepiga ni Mama Sikitu, mwenyekiti wa umoja wa waanikaji dagaa. Ana wanachama kama tisini, kuanzia Kagunga mpakani hadi huku Ujiji.

"Fundi, umeamka?"

"Nimeamka, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tovuti imekufa tena. Mwalo umejaa dagaa, wateja wa Dar wananiambia kwao kinazunguka tu kile kiduara. Wewe ndiye uliyetuambia mtandao haulali."

Kweli nilisema hivyo. Nilisema mbele ya kikao.

Kwa wasiojua huku kwetu: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Mwezi ukififia, giza likirudi, vyombo vinaingia ziwani kwa pamoja na asubuhi yake vinarudi mwaloni, ufukweni vinapotia nanga, kwa pamoja. Biashara iliyolala siku kadhaa inaamka yote ndani ya saa mbili.

Umoja una tovuti. Mwanikaji anaweka picha ya dagaa wake, idadi ya magunia na bei. Mnunuzi wa Dar, Dodoma au Mwanza anaingia na kuagiza moja kwa moja. Tovuti ikikataa kufunguka, mnunuzi anampigia dalali, na dalali ndiye anayepanga bei. Kwa hiyo saa mbili zile ndizo zenye maana. Siku nyingine zote tovuti ingeweza kulala wala mtu asijue.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mfululizo inakufa siku ya kwanza ya giza.

Sasa mnijue na mimi. Nina miaka hamsini na moja, nina duka dogo Ujiji, na kazi inayonilisha ni ufundi wa mizani. Natengeneza na kukagua mizani ya sokoni, ya maghala ya kahawa kule Kalinzi, na ya hawa kina mama wa dagaa. Kompyuta nilijifunza mwenyewe nikiwa nimeshavuka thelathini, kwa kusoma maelekezo mstari kwa mstari na kujaribu. Tovuti ya umoja sikuijenga mimi. Mimi ndiye niliyewashawishi waijenge, na hilo ni zito zaidi.

Anayeisimamia ni kijana mmoja wa Moshi anayefanyia kazi Dar, nitamwita Elibariki. Amesomea mambo haya chuoni na ni kijana makini. Siku hiyo hiyo tulimpigia.

"Shikamoo mzee. Nimeangalia, seva imelemewa. Watu wanaingia kwa mkupuo. Tukihamia kubwa zaidi tutapumua."

"Kiasi gani?" Mama Sikitu akauliza. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Milioni sita na laki nane kwa mwaka, Mama."

Mama Sikitu akafungua daftari la fedha pale ofisini kwa umoja.

Umoja ulikuwa na milioni saba benki, na zilikuwa na kazi yake tayari: vichanja vya kuanikia vyenye paa, vijengwe kabla ya masika. Dagaa anayelowa mvua akiwa nusu mkavu anaoza, na akioza anauzwa chakula cha kuku. Kila masika kuna mama anayepoteza mtaji wake kwa wingu moja. Fedha ile isingetosha vitu viwili. Ama seva, ama paa.

Nikaomba nafasi ya kupima kwanza. Sikuwa na uhakika wa lolote, ila katika kazi yangu huwezi kumwambia mtu anunue mzani mpya kabla hujaupima wa zamani.

Mama Sikitu akanitazama. "Una mpaka giza lijalo. Likikaribia hujaleta jibu, tunalipa seva, na vichanja vitasubiri mwakani. Na mvua itakayonyesha nitakutumia salamu zake."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Programu za kupima seva zipo, nzuri na za bure, nami nilizijaribu. Moja ilitaka kumbukumbu kubwa kuliko iliyomo kwenye laptop yangu. Nyingine ilikula kifurushi changu cha data kabla haijamaliza kujisakinisha. Na hakuna hata moja niliyoweza kuiweka kwenye simu ya kawaida nikaenda nayo mwaloni.

Nikaamua kuandika yangu, kwa lugha ya C, ndogo kadiri inavyowezekana. Kazi yake moja tu: inafungua miunganisho mingi kwenda kwenye seva, inaomba ukurasa, halafu inaandika muda. Muda wa mlango kufunguliwa, muda wa herufi ya kwanza kufika, muda wa herufi ya mwisho kufika. Mwisho inasema wangapi walihudumiwa na wangapi waliachwa nje.

Nikaiita Jiwe, kwa kumbukumbu ya mawe ya mzani. Jiwe halina ujanja. Kazi yake ni kuwa na uzito unaojulikana.

Jambo jingine nililoamua mapema ni kutotegemea wastani. Ukiwa na watu mia, tisini wakahudumiwa haraka na kumi wakaachwa nje, wastani unaweza kukupa jibu la kufurahisha wakati kumi wanalia. Jiwe linawapanga wote kuanzia wa haraka hadi wa mwisho, na linakuonyesha wale wa mkiani.

(Naweka neno la tahadhari hapa. Msipime seva ya mtu bila ruhusa yake. Kuigonga seva kwa miunganisho mingi ni sawa na kuishambulia, na sheria inaweza kuliona hivyo. Mimi nilimwomba Elibariki, naye akanitengenezea nakala ya ile seva, ukubwa ule ule, mipangilio ile ile, ili nisiguse ya biashara.)

Nikapima nikiwa dukani, kwenye intaneti ya waya. Miunganisho mia moja, safi. Mia mbili, safi. Mia nne, wa mwisho kabisa alihudumiwa ndani ya sekunde tatu.

Nilifurahi. Nikapanda bodaboda mpaka mwalo wa Kibirizi, nikawakuta kina mama wamekaa kwenye vichanja vitupu, maana ilikuwa mbalamwezi. Nikawaambia seva ni nzima, haina tatizo, haihitaji kubadilishwa.

Walicheka, wakuu. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Nzima?" Mama Sikitu akauliza. "Hebu niambie, Fundi. Ukija kukagua mzani wangu wa magunia, unaweka jiwe la kilo hamsini au unaweka pakiti ya chumvi?"

"Jiwe la kilo hamsini, Mama."

"Na unaukagulia wapi? Dukani kwako kwenye sakafu ya vigae, au hapa kwenye mchanga?"

"Hapa kwenye mchanga."

"Ego, ndivyo. Sasa hiyo seva umeipimia wapi?"

Mama mwingine akadakia, "Mwacheni, labda ziwa la dukani kwake lina dagaa wa vigae."

Nilirudi Ujiji. Kuchekwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kanuni ile ni yangu, mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku kwamba mzani hukaguliwa pale unaposimama, na nilikuwa nimeivunja.

Kesho yake nikaweka Jiwe kwenye simu yangu, nikapanda boti kwenda Mwamgongo. Kule mtandao ni dhaifu hata siku ya kawaida, na kule umoja una wanachama wengi. Nilifikia kwa Riziki, mwakilishi wao, mama wa watoto wanne na ulimi mkali.

"Mwakeye, Fundi," akanisalimu kwa Kiha. "Nimesikia habari za dagaa wa vigae."

Habari huko husafiri haraka kuliko data.

Nilimwomba anionyeshe anavyofungua tovuti siku ya giza, kila hatua, bila kunifanyia haraka. Akatoa simu, akagusa anwani, halafu akaiweka dirishani, akaondoka. Akaenda kugeuza dagaa wake wa akiba waliokuwa juani.

Nikamfuata. "Mbona umeiacha?"

"Nikae niikodolee macho? Inajipakia yenyewe. Nikimaliza kichanja hiki itakuwa imefunguka."

Ilifunguka baada ya dakika nane kasorobo. Nilipima na Jiwe pale pale: simu ilikuwa inavuta kilobaiti tatu kwa sekunde, basi. Na ukurasa wetu, pamoja na picha zote za dagaa, ulikuwa mzito.

"Na ikishafunguka?"

"Naivuta tena kwa kidole, ianze upya."

"Kwa nini uanze upya na umeshaingia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Fundi, wewe si mgeni wa mwaloni. Beseni langu naliweka mstarini saa ngapi?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa.

Mwaloni kwetu kuna desturi. Mitumbwi haijarudi, mwanamke anatangulia kuweka beseni lake mchangani, mstarini. Beseni linamshikia nafasi. Yeye anaweza kurudi nyumbani, akachemsha uji, akaja mitumbwi ikiwa inatia nanga, na nafasi yake ipo. Hakuna anayegusa beseni la mwenzake.

Kina mama walikuwa wameihamishia desturi hiyo mtandaoni. Kila mmoja, kabla mitumbwi haijarudi, alifungua tovuti na kuendelea kuivuta upya, ili awe "ameshika nafasi" dagaa wakifika. Siyo Riziki peke yake.

"Wote mnafanya hivi?"

"Mwamgongo wote. Kagunga wote. Mama Sikitu mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Usipofanya hivyo huingii."

Na alikuwa na haki. Asiyewahi hakuingia.

Nilirudi na boti ya siku iliyofuata. Nikaongeza kitu kimoja kwenye Jiwe: sasa kila muunganisho uliweza kusoma polepole, kidogo kidogo, kwa kasi niliyoipima dirishani kwa Riziki, na ukimaliza unaanza upya. Pamoja na nyongeza hiyo programu ikafika kilobaiti 38. Picha moja ya dagaa pale kwenye tovuti ilikuwa nzito kuliko programu nzima.

Nikalielekeza kwenye nakala ya Elibariki. Miunganisho hamsini ya polepole: shwari. Mia: shwari. Mia arobaini: shwari. Mia hamsini: nikafungua tovuti kwa simu yangu nyingine, yenye mtandao mzuri, kama mnunuzi wa Dar.

Kiduara kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka.

Nikapunguza hadi mia arobaini na tisa. Tovuti ikafunguka papo hapo.

Nikarudia mara tano, sikutaka kujidanganya. Mia arobaini na tisa, mlango wazi. Mia hamsini, mlango umefungwa. Na msishangae kwamba wanachama ni tisini tu: simu moja ikifungua ukurasa wenye picha nyingi hufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja, hata sita. Kina mama ishirini na tano wanatosha.

Cha ajabu zaidi ni kwamba mzigo wenyewe ulikuwa mdogo. Intaneti ya duka langu haikuhisi kitu. Kichakataji cha seva kilikuwa kimepumzika. Seva haikuchoka hata kidogo, ilikuwa imejaa tu.

Nikampigia Elibariki.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nina namba nataka kukutajia, uniambie kama inakukumbusha kitu. Mia moja na hamsini."

Halafu nikasikia kibodi.

"Mzee, nani amekuonyesha mipangilio ya seva?"

"Hakuna."

"Mia moja na hamsini ndiyo idadi ya wahudumu niliyoandika. Ndiyo ukomo. Umeijuaje?"

"Nimeipima kutoka nje," nikasema, nikamsimulia habari ya Riziki, dirisha lake na mabeseni.

Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyefurahi. Kisha akanieleza kwa lugha iliyonyooka, na hapa elimu yake ndiyo ilifanya kazi ambayo yangu isingeweza. Katika mpangilio wetu, kila muunganisho unapewa mhudumu mmoja, na mhudumu huyo haondoki mpaka mteja amalize kupokea ukurasa wote. Mteja akipokea polepole, mhudumu anasimama amemshikia sahani. Wahudumu mia hamsini wakishikia sahani watu wa dirishani, mnunuzi wa Dar anakuta hakuna wa kumsikiliza.

"Kwa hiyo seva kubwa ingesaidia?" nikauliza.

"Ingeongeza wahudumu. Na kina mama wangeongeza mabeseni." Alishaipenda hadithi ya mabeseni. "Hapana mzee. Nilikosea ugonjwa. Nipe siku mbili."

Alichofanya ni kuweka programu ndogo ya mapokezi mbele ya seva ya biashara, na mbele ya nakala yake pia. Hii inapokea ukurasa mzima kutoka kwa mhudumu mara moja na kumwachia aende, halafu yenyewe inakaa na mteja wa polepole na kumpa kidogo kidogo. Inaweza kukaa na maelfu bila kuchoka. Nayo ni ya bure. Mimi kwa upande wangu nilipunguza uzito wa picha zote za dagaa.

Nikapima tena. Miunganisho mia sita ya polepole, na mnunuzi wangu wa bandia akahudumiwa ndani ya sekunde mbili. Elfu moja, vile vile. Nikaiacha ikazunguka tangu adhuhuri hadi alasiri, nikaenda kuswali, nikarudi, bado wazi.

Ila kipimo cha nakala si mwalo. Nilishachekwa mara moja.

Kikao kilikaa siku moja kabla ya giza, fedha zikiwa tayari kutumwa. Nikaeleza. Mjumbe mmoja akasema tulipe tu, tusicheze na soko. Mama Sikitu akasema, "Safari hii amepimia kwenye mchanga. Tunasubiri kesho."

Kesho yake alfajiri nilikuwa Kibirizi. Mabeseni yalikuwa yamepangwa mstarini, na simu zimewekwa juu ya ndoo, juu ya mawe, moja imeegeshwa ndani ya kiatu. Sikumwambia mtu aache. Nilitaka mzigo wote uwepo.

Mitumbwi ikaanza kuingia. Kelele za ndoo, kelele za bei. Mama Sikitu alikuwa amesimama kando yangu, simu mkononi.

Saa moja na dakika kumi na mbili nikatazama saa, kwa mazoea tu.

Simu yake ikatoa mlio wa oda. Dodoma, magunia manne. Kabla hajamaliza kusoma ukaja mwingine, Dar. Halafu mwingine. Riziki akapiga kutoka Mwamgongo, kwa kelele niliyoisikia hata bila spika:

"Mama, imefunguka! Sijamaliza hata kugeuza upande mmoja!"

Mama Sikitu akaniangalia. "Fundi."

"Naam, Mama."

"Mzani umekubali."

Wakuu, nimekagua mizani kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Sijawahi kusikia maneno hayo yakanikaa kifuani namna ile. Niliinama nikajifanya natazama simu.

Vichanja vyenye paa vilijengwa. Masika yamekuja na kupita nusu, na wiki iliyopita mvua kubwa ilishuka Kibirizi mchana, dagaa wa nusu mkavu wakiwa vichanjani. Mama Sikitu alinitumia picha: paa linatiririka maji, dagaa chini yake wakavu, na ujumbe, "Salamu za mvua nilizokuahidi."

Nilichojifunza, nakisema kwa faida ya vijana wanaoanza: chombo kipime kwa mzigo wake na mahali pake. Seva ya watu wa ufukweni usiipime kwa intaneti ya ofisini. Na kabla hujaandika mstari wa code, nenda ukakae na mtumiaji umtazame anavyofanya, usimuulize anavyofikiri anafanya. Namba ya mia hamsini ilikuwa kwenye mipangilio, lakini sababu ya kufika mia hamsini ilikuwa dirishani kwa Riziki.

Jiwe nimeliweka wazi, anayelitaka aseme hapa nitamwelekeza. Elibariki ameshalirekebisha sehemu mbili na sasa analitumia kwa wateja wake wengine. Najua lina mapungufu, hasa kwenye tovuti zenye usimbaji, muda wa simu na seva kupeana mkono mwanzoni (handshake) bado halijautenganisha vizuri. Wenye ujuzi nikosoeni bila huruma. Na walio kando ya maziwa mengine, au popote penye mtandao wa kusuasua, nielezeni watu wa kwenu "wanashikaje nafasi". Nina hakika kila mahali pana beseni lake.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza hapo chini kama kweli kuna fedha iliyookoka au ni hadithi tu. Swali halali. Seva kubwa ilikuwa milioni sita na laki nane. Tukitoa nauli za boti, vifurushi vya data na malipo ya Elibariki kwa siku zake mbili, umoja umeokoa shilingi 6,388,000. Zote ziko juu ya dagaa, zimegeuka mabati.